Mabao 26: Rekodi Mbili, Pande Mbili za Sirari

Sirari ni mahali pazuri pa kuanzia hesabu hii. Upande huu ni wilaya ya Tarime, upande wa pili ni Isebania katika kaunti ya Migori. Wakurya wapo pande zote mbili, wanaoana na kuzikana, na wapenzi wao wa soka wanafuatilia ligi mbili kwa pamoja: Gor Mahia na AFC Leopards kwa redio na simu, Simba na Yanga kwa kisimbuzi. Kwa miaka 24 ligi hizo mbili zilikuwa na jambo moja la kufanana ambalo wengi hawakuligundua. Mabao mengi zaidi ya mchezaji mmoja katika msimu mmoja yalikuwa 26 huku, na yalikuwa 26 kule. Kwa Kenya ilikuwa rekodi ya Maurice Ochieng "Sonyi" wa Gor Mahia, ya mwaka 1976. Kwa Tanzania Bara ni ya Mohamed Hussein "Mmachinga" wa Yanga, inayotajwa kuwa ya mwaka 1999.

Juni 2023 ya Kenya ikaanguka. Elvis Rupia wa Kenya Police alimaliza msimu wa 2022/23 akiwa na mabao 27. Benson Omala wa Gor Mahia, aliyekuwa akifukuzana naye wiki baada ya wiki, aliishia kwenye yale yale 26 ya Sonyi. Katika kibanda kimoja cha kuonyesha mpira pale Sirari kuna ubao mweusi ambao juu yake huandikwa mechi za siku na kiingilio, na chini yake, kwa chaki, orodha ya wafungaji: safu ya kushoto Bara, ya kulia Kenya. Wiki zile za mwisho safu ya kulia ilikuwa ikifutwa na kuandikwa upya kila baada ya mechi. Ya kushoto, iliyoongozwa na Fiston Mayele wa Yanga, ilikuwa inasomeka Mayele 16, Mayele 16, Mayele 16.

Kwa nini moja ianguke na nyingine isimame? Vijiweni majibu ni mawili. La kwanza: washambuliaji wa zamani walikuwa wanaume kweli, wa leo wanajali mitindo ya nywele. La pili, linalosemwa zaidi upande wa Tanzania: mabeki wa Kenya ni laini. Yote mawili yanapendeza kuyasikia na hayana uzito.  Mtazame Meddie Kagere, aliyecheza miaka kadhaa Gor Mahia kabla ya kusajiliwa Simba mwaka 2018, na mabao yake hayakupungua alipovuka mpaka, bali yaliongezeka. Rupia naye alivuka kuja Singida baada ya msimu wake mkubwa, na hakufika karibu na mabao yale 27. Mmoja alipanda, mwingine alishuka, mpaka ni ule ule. Sababu lazima itafutwe kwingine.

Tuanze na orodha yenyewe, maana wabishi wengi hubishana bila kuiweka mezani. Boniface Ambani, Mkenya aliyekuwa Yanga, alikuwa mfungaji bora wa msimu wa 2008/09 kwa mabao 18. Mussa Hassan Mgosi wa Simba akapata 18 msimu wa 2009/10, ule ambao Simba walichukua ubingwa bila kupoteza mechi. John Bocco akiwa Azam alifunga 19 msimu wa 2011/12. Kipre Tchetche, naye wa Azam, 17 uliofuata. Mrundi Amissi Tambwe alifunga 19 akiwa Simba 2013/14, Simon Msuva 17 akiwa Yanga 2014/15, kisha Tambwe tena, safari hii akiwa Yanga, 21 msimu wa 2015/16. Msuva na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting walilingana kwa 14 mwaka uliofuata. Tangu hapo, msimu hadi msimu: Emmanuel Okwi 20, Kagere 23, Kagere 22, Bocco 16, George Mpole wa Geita Gold 17, Fiston Mayele na Saido Ntibazonkiza 17 kila mmoja, Stephane Aziz Ki 21, Jean Charles Ahoua 16. Hapo tumefika mwisho wa msimu wa 2024/25.

Ukiisoma orodha hiyo kwa macho ya haraka, mtu aliyeikaribia zaidi rekodi ya Mmachinga ni Kagere: pungufu ya mabao matatu tu kuifikia. Ndivyo inavyosemwa redioni kila msimu unapoelekea ukingoni. Lakini orodha hiyo inaficha jambo moja kubwa, nalo ni idadi ya mechi. Ligi Kuu ya Ambani na Mgosi ilikuwa na timu 12, yaani mechi 22. Ya Bocco wa Azam, Tchetche, Tambwe wa Simba na Msuva wa 2014/15 ilikuwa na timu 14, mechi 26. Kuanzia 2015/16 zikawa timu 16 na mechi 30. Misimu miwili ya Kagere, 2018/19 na 2019/20, ilikuwa na timu 20 na mechi 38. Kisha ikapunguzwa hadi 18, na tangu 2021/22 tumerudi kwenye 16.

Sasa gawanya mabao kwa mechi za ligi za msimu husika. Kagere wa 23 anapata wastani wa 0.61. Aziz Ki na Tambwe wa 21 wanapata 0.70. Bocco na Tambwe wa 19 wanapata 0.73. Na Ambani na Mgosi, ambao hakuna anayewataja rekodi inapozungumzwa, wanapata 0.82. Orodha imepinduka kabisa: aliyekuwa juu yuko chini, na waliokuwa katikati wamekaa kileleni.

Chukua wastani wa Mgosi uuweke katika msimu wa mechi 34, kama ule wa Rupia: anafika 27 na ushee, rekodi imevunjwa. Uweke katika mechi 38 za Kagere: anapita 31. Tambwe wa 2015/16 katika mechi 38 angeishia kwenye 26 au 27, mlangoni kabisa. Na Rupia mwenyewe, shujaa wa Juni 2023? Mabao 27 katika msimu wa mechi 34 ni 0.79, chini kidogo ya Ambani na Mgosi. Kwa kasi ya kufunga, aliyeivunja rekodi ya miaka 47 ya Kenya hakumzidi Mkenya mwenzake aliyevaa jezi ya Yanga miaka 14 kabla yake na kuambulia mabao 18 tu kwa kuwa ligi ilikuwa fupi.

Najua msimu mrefu una uchovu wake, majeraha yake na kadi zake, na hakuna anayeweza kuapa kwamba Mgosi angeendelea na mwendo ule ule mechi 12 zaidi. Hoja yangu ni kwamba 26 ikisemwa peke yake ni nusu ya rekodi. Nusu yake nyingine ni mechi, na hiyo nusu hatuisemi.

Wamarekani walishalipitia hili kwa uchungu mkubwa, katika mchezo ambao hapa Mara ni wachache waliowahi kuuona. Katika besiboli kuna pigo linaloitwa home run: mpigaji anaupiga mpira kwa gongo ukavuka uzio wa uwanja, naye anazunguka vituo vyote vinne bila wa kumzuia. Mwaka 1927 Babe Ruth alipiga mapigo 60 ya namna hiyo katika msimu wa mechi 154. Mwaka 1961 ligi iliongezwa timu na msimu ukawa wa mechi 162, na kijana wa New York Yankees, Roger Maris, akaanza kuikimbiza ile 60. Katikati ya msimu kamishna wa mchezo huo, Ford Frick, ambaye enzi za ujana wake alikuwa mwandishi wa habari aliyemwandikia Ruth makala, akatangaza kwamba asiyefikisha idadi hiyo ndani ya mechi 154 ataorodheshwa kando. Maris alipomaliza mechi ya 154 alikuwa na 59. La 61 lilikuja siku ya mwisho, tarehe 1 Oktoba. Kwa miaka 30 orodha zilibeba majina mawili, la mechi 154 na la mechi 162, hadi 1991 kamati ilipoamua kwamba msimu ni msimu na jina libaki moja.

Wako wanaomwona Frick kama mtu aliyemwonea Maris, na kwa nia yake huenda ni kweli, kwa sababu sheria hutangazwa kabla mbio hazijaanza. Lakini swali alilouliza lilikuwa la haki. Tofauti ya mechi 154 na 162 ni nane tu, na taifa zima lilibishana miaka 30. Sisi tuna tofauti ya mechi 22 na 38 ndani ya miaka kumi, na hakuna aliyeuliza.

Mbio za rekodi zina uzito mwingine usioonekana kwenye orodha. Hank Aaron alimaliza msimu wa 1973 akiwa na mapigo 713 katika maisha yake yote ya mchezo, moja pungufu ya 714 ya Ruth, akakaa miezi ya baridi akisubiri msimu mpya. Alikuwa mtu mweusi anayeikaribia rekodi ya mzungu aliyependwa kuliko wote, na barua za matusi na vitisho vya kuuawa zilimfuata hadi akawekewa ulinzi. Alipolipiga la 715 mjini Atlanta tarehe 8 Aprili 1974, alichosikia zaidi ni afueni. Aliacha mchezo akiwa na 755. Barry Bonds aliyapita mwaka 2007 huku akiandamwa na tuhuma za dawa za kuongeza nguvu, na mpira wa pigo lake la 756 uko leo katika jumba la makumbusho la besiboli ukiwa umechapwa alama ya nyota ya kutilia shaka, baada ya aliyeununua kuwaachia wananchi wapige kura juu ya hatima yake. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha kwamba jamii inayojali rekodi huziuliza maswali magumu: ilipatikana kwa mechi ngapi, kwa njia gani, dhidi ya nani, nani aliandika.

Kwa upande wetu, turudi kwenye swali la Kagere. Mechi 38 mara mbili, straika mwenye nguvu, Simba ikiwa moto. Mbona hakufika 27? Jibu liko katika wale waliomzunguka na katika ratiba. Msimu wa 2018/19 Simba walikwenda hadi robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, wakatolewa na TP Mazembe. Viporo vikarundikana, na viporo vikirundikana kocha hulazimika kuzungusha kikosi: leo Kagere, kesho Bocco, keshokutwa Okwi. Msimu uliofuata ukaja ugonjwa wa korona, ligi ikasimama kuanzia Machi hadi Juni 2020. Na timu kubwa hugawana mabao kwa asili yake. Katika klabu ambayo ikitoka sare mashabiki wanadai kocha afukuzwe, hakuna kocha atakayempa mtu mmoja kila penalti na kila krosi eti avunje rekodi.

Angalia Yanga ya 2024/25. Walifunga zaidi ya mabao 80 katika mechi 30, safu kali kuliko nyingi zilizopita katika ligi yetu. Clement Mzize alipata 14, Prince Dube 13, Pacome Zouzoua 12. Watatu hao jumla yao ni 39. Hayo yote yangepitia mguu mmoja, Mmachinga angekuwa ameachwa mbali sana. Yakagawanyika, na kiatu cha dhahabu kikaenda kwa Ahoua wa Simba kwa 16. Soka la leo la Simba na Yanga linatengenezwa ili mabao yatoke popote: kwa winga, kwa kiungo wa juu, kwa beki wa pembeni anayepanda. Ndiyo maana mbio za 2023/24 zilikuwa kati ya viungo wawili, Aziz Ki aliyemaliza na 21 na Feisal Salum wa Azam aliyemaliza na 19, huku namba 9 wa ligi nzima wakiwatazama kwa nyuma. Kwa klabu hilo ni afya njema. Kwa mtu anayesubiri 27, ni ukuta.

Na bado kuna Afrika. Mayele ndiye mfano ninaoupenda zaidi. Mwaka ule ambao ubao wa Sirari ulimganda kwenye 16, hakuwa amelala. Alikuwa akiifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger, na akamaliza mashindano hayo akiwa mfungaji bora kwa mabao saba. Ukiyajumlisha na ya ligi unapata 24, na hapo hujagusa michuano mingine. Miguu ni ile ile, nguvu ni zile zile, ila orodha ya ligi haiyaoni mabao ya Jumapili usiku dhidi ya Waarabu. Wakati Mayele anamalizia fainali mwanzoni mwa Juni, Ntibazonkiza alikuwa Simba akijipigia mabao matano katika mechi moja dhidi ya Polisi Tanzania, akamfikia kwa kishindo, wakamaliza sawa. Miezi michache baadaye Mayele akauzwa Pyramids ya Misri.

Sasa mtazame Rupia katika mwaka huo huo. Kenya ilikuwa imefungiwa na FIFA kuanzia Februari hadi Novemba 2022, na klabu zake hazikushiriki mashindano ya Afrika msimu ule. Hakukuwa na viporo vya Algiers wala safari za Bamako. Wachezaji walikuwa na ligi tu, mechi 34, wiki kwa wiki. Police haikuwa bingwa. Bingwa alikuwa Gor Mahia. Police ilikuwa timu ya kati yenye fedha kiasi, yenye mpango unaoeleweka: mpira umfikie Rupia. Na huo ni utaratibu wa Kenya wa muda mrefu. Masoud Juma na Eric Kapaito walichukua kiatu wakiwa Kariobangi Sharks, Kapaito akafika hadi 24 msimu wa 2020/21. Enosh Ochieng alichukua akiwa Ulinzi Stars. Timu ya kati ya Kenya hutengeneza straika mmoja na kumlisha. Rekodi ya Sonyi ilianza kunyemelewa muda mrefu kabla ya Rupia, na walioinyemelea wengi hawakuvaa jezi ya kijani ya Gor.

Huku kwetu timu ya kati haina nafasi hiyo, kwa sababu pengo kati ya Simba, Yanga na Azam na wengine limekuwa pana. Lakini mara chache inapotokea, huzaa matunda. Salim Aiyee alifunga mabao 18 msimu wa 2018/19 akiwa Mwadui ya Shinyanga, timu iliyokuwa ikihangaika kukwepa kushuka daraja. Mpole alimpiku Mayele kwa bao moja, 17 kwa 16, akiwa Geita Gold, na Geita ikamaliza nafasi ya nne. Hao ndio ndugu wa Rupia kwa upande wetu. Tatizo ni kwamba hawakai. Aiyee alihama, Mpole alichukuliwa na Lupopo ya Congo kabla msimu uliofuata haujaisha. Mshambuliaji wa timu ya kati akifunga mfululizo msimu mmoja, dirisha likifunguliwa anaondoka, na akienda klabu kubwa anakuwa mmoja wa washambuliaji wanne.

Uganda niipite haraka, ingawa ina kisa kitamu kuliko vyote. Rekodi yao ni mabao 32 ya Jimmy Kirunda akiwa KCC mwaka 1978, na Kirunda alikuwa beki wa kati, nahodha wa taifa, aliyesogezwa mbele kufunga. Karibu nusu karne, na hakuna aliyeigusa. Duniani nako, Erling Haaland, ambaye kila mtoto wa Nyamongo na Mugumu anamjua, alifunga 36 katika ligi ya mechi 38 mwaka ule ule wa 2023, akawapita Andy Cole na Alan Shearer waliofunga 34 kila mmoja katika ligi ya mechi 42. Wengi walioandika habari ile Uingereza waliitaja tofauti hiyo ya mechi nne. Ni kazi ya sentensi moja tu.

Hapa ndipo jambo linapotugusa sisi wa wilaya za Tarime na Serengeti moja kwa moja. Mechi za 1999 zilichezwa enzi za FAT, chama cha soka cha wakati huo, kabla Azam TV haijaanza kuonyesha ligi mwaka 2013, wakati bao likishafungwa liliishi katika redio, katika gazeti la Jumatatu na katika kumbukumbu ya waliokuwepo. Kwa hiyo Mmachinga anatajwa kwa namba moja tu. Aliyafunga wapi, dhidi ya nani, dakika ya ngapi, penalti ngapi, katika mechi ngapi: hayo mtangazaji wa leo hayasemi, na kizazi kinachokuja kitaanza kuuliza kama ni kweli. Mtu aliyefunga mabao 26 anastahili zaidi ya hilo. Anastahili karatasi inayoonyesha bao la kwanza hadi la 26, ili anayemkimbiza ajue anamkimbiza nani, na siku akipitwa apitwe kwa heshima.

Na kasoro hiyo haikuishia 1999. Nilionyeshwa Mugumu ripoti ya mwamuzi wa mechi ya ligi ya wilaya. Ina majina ya wachezaji wa kuanza na wa akiba, kadi kwa dakika, hali ya uwanja, tabia ya mashabiki, sahihi za manahodha. Kila kitu kimejazwa kwa mwandiko safi. Mfungaji ameandikwa hivi: "Na. 9, dk 34. Na. 9, dk 71." Basi. Jezi za timu zile ni seti moja inayovaliwa na atakayefika. Namba 9 wa Jumamosi siye namba 9 wa Jumatano. Kijana wa Nata au wa Nyamwaga anaweza kufunga mabao 20 kutoka ligi ya wilaya hadi ligi ya mabingwa wa mikoa, na mwisho wa mwaka hakuna karatasi hata moja yenye jina lake. Wakala akiuliza, anajibiwa kwa mdomo. Kocha wa timu ya daraja la juu akiuliza, anaambiwa aje aone mwenyewe.

Mkoa huu wa Mara ulikuwa na Ligi Kuu nyumbani kwa misimu minne, kuanzia 2018/19 hadi 2021/22, Biashara United ikicheza uwanja wa Karume, Musoma. Msimu wa 2020/21 ilimaliza ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho. Ikaitoa Dikhil ya Djibouti, ikaifunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya na safari ikafia hapo. Mwaka uliofuata ikashuka daraja. Watu wa Tarime na Serengeti walipanda mabasi kwenda kuwaona Simba na Yanga pale Karume, na wengi wanakumbuka nani alifunga siku ile waliyokuwepo. Kumbukumbu hizo zinaweza kukusanywa sasa, watu wakiwa hai na ripoti za mechi zikiwa bado kwenye makabati. Kwa Bodi ya Ligi, kutangaza kila mwaka jina la mfungaji bora pamoja na mabao yake, mechi za msimu, mechi alizocheza na penalti zake hakuhitaji mfadhili. Kwa katibu wa chama cha wilaya, kumtaka mwamuzi aandike jina badala ya namba ya jezi hakuhitaji hata kikao.

Nirudi kwenye utabiri, kwa kuwa kila uchambuzi wa rekodi unadaiwa utabiri. Ligi ikiendelea na timu 16, mshambuliaji anahitaji wastani wa 0.90 ili afike 27, na katika orodha ya wafungaji bora wa ligi yetu niliyoiweka hapo juu hakuna aliyefika huko. Simwoni wa kuifanya kazi hiyo akiwa Simba au Yanga maadamu klabu hizo zinacheza Afrika hadi Mei na zina washambuliaji watatu wa kiwango kimoja. Ligi ikipanuliwa tena hadi timu 18, hesabu inashuka hadi 0.79, kasi ile ile ya Rupia, na hapo mlango uko wazi. Mtu wa kumfuatilia atakuwa yule ambaye mzunguko wa kwanza ukiisha ana mabao 13 au zaidi, anapiga penalti zote za timu yake, timu yake imeshatolewa mashindano ya Afrika au haikushiriki kabisa, na mwenye klabu amekataa kumuuza dirisha dogo. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo ambalo Kenya Police ililitimiza.